Zimwi la Mazuku, Sehemu ya Nne

Katika Sehemu ya Kwanza nilikufa mara nne:
muuza sambaza, nesi, mke wa askari,
na maiti ya mwanzo kabisa, isiyohitaji nguo mpya.
Sivirwa alinibadilishia kitambaa cha kichwa, basi.
"Watu wa Majengo hawaangalii sura," alisema,
"wanaangalia damu."
Damu ilikuwa nyanya ya kopo na rangi ya kucha.
Nzi walijua.

Maabara tuliijenga Mabanga, uani kwa shangazi yake:
ukuta wa makoro, meusi kama chungu kilichosahauliwa motoni,
chupa za bia zenye maji ya rangi, mrija wa dripu,
betri ya gari iliyokufa zamani
ingawa kwenye filamu ndiyo iliyofufua.
Kamera ilipanda chukudu. Kijana mmoja alisukuma,
mwingine akakimbia mbele akiokota vijiwe,
na bado kila picha ilitetemeka
kana kwamba mlima nao umo kwenye orodha ya waigizaji.

Daktari wetu, Mwalimu Ndungo, alifundisha kemia kweli,
mwezi wa saba bila mshahara.
Kile kicheko cha wendawazimu
hatukumfundisha sisi.
Mpango wake: kukusanya mazuku, hewa isiyo na harufu
inayolala mabondeni na kumuua mbuzi kabla hajamaliza kutafuna,
aifunge ndani ya pipa, aipulizie maiti.
"Kinachoua," alisema, kidole juu, "kikigeuzwa, huhuisha!"
Tulirudia mara tisa kwa sababu ya jogoo wa jirani.

Zimwi alikuwa Lwanzo.
Mpakuzi wa mizigo pale Kituku, mrefu, mpole hadi anaudhi.
Tulimvika povu la godoro, gunia la makaa, macho ya taa za pikipiki.
Kila alipomaliza kuninyonga
aliniuliza chini chini, "Nimekuumiza?"
Sehemu ya Pili, dakika ya arobaini, ukitega sikio utamsikia.
Sivirwa hakuifuta ile sauti.
Kufuta nako kunataka pesa.

Zimwi alikufa kila mwisho kwa kuwa pesa zimeisha,
akafufuka kila mwanzo kwa kuwa watu wamelipa.
Aliungua. Alizama ziwani (gunia lilikauka siku sita).
Mara ya tatu tulimfukia chini ya makoro,
Mwalimu akaapa mbele ya kamera kwamba harudi tena,
na nyuma yake Sivirwa amekwisha kubandika karatasi:

*Mlidhani ameoza? Njooni mumwone tena.*
*Bei hatukuongeza. Mtoto bure? Hapana.*

Kisha Lwanzo akapanda lori la Butembo, kupeleka chumvi.
Chumvi ilifika.

Hatuna kaburi. Hatuna simu.
Tuna gunia, kwenye msumari, nyuma ya mlango wa shangazi,
na mabega yake bado yamo ndani ya povu.

Tukamvika Kambere. Suruali tulikunja mara tatu.
Mwalimu alifungua bomba la pipa, akasema, "Amka,"
halafu akasema tena, halafu tena,
ilhali kwenye karatasi neno liliandikwa mara moja,
na jogoo, siku hiyo, hakuwika.

Sine ya Birere ilijaa. Watoto walirusha maganda ya karanga:
"Huyu siye! Huyu mfupi! Turudishieni franka zetu!"
Mama Kyakimwa alikaa benchi la mbele.
Tulimwambia mama wa Zimwi halipi; akalipa.
Hakutazama hadithi. Alitazama gunia,
linapopita kushoto, linapopita kulia,
na taa zilipowaka aliuliza nani analifua.

Mimi mle ndani nakufa mara ya kumi na moja.
Kambere ananiachia shingo, anaondoka zake,
nami nimelala, macho wazi, sipumui,
nangojea swali.
Sivirwa anasema sijawahi kuigiza vizuri hivyo.

Anaandika Sehemu ya Tano sasa.
Jana alikuja na daftari, akaniuliza
safari hii nataka kufa vipi.